Usiachie Mkono

Siku niliyomwangusha yule kijana, mwamuzi hakuinua mkono.

Ilikuwa Jumamosi ya mwaka 2005, mjini Bunia, mashariki mwa Kongo, ndani ya ghala ambalo mwenyewe alikuwa amekimbia vita na hakuwa amerudi bado. Sakafuni tulimwaga maranda kutoka kwa maseremala, tukayafunika kwa bashi, yaani turubai, mbili zilizoshonwa pamoja, tukazikaza pembeni kwa mbao na misumari. Hiyo ndiyo ilikuwa tatami yetu ya judo. Kimono zetu zilishonwa sokoni kwa kitambaa cha mifuko ya unga, na mgongoni mwa nyingine bado yalisomeka maandishi ya kinu. Nilikuwa na miaka 13, mkanda wa njano kiunoni, na hasira ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Nilimshika kola kwa mkono wa kulia, na mkono wa kimono chake kwa kushoto. Nikamsogelea kifua kwa kifua, nikamlazimisha kuegemea mguu mmoja, kisha nikaufagia mguu huo kwa nyuma. Mbinu hiyo inaitwa osoto-gari, na ikitoka vizuri anayeangushwa huhisi kama ardhi imevutwa chini yake. Aliruka juu. Kabla hajafika chini, nilimwachia. Nilitaka aanguke peke yake. Alitua kwa bega na shingo, bashi ikalia, vumbi la mbao likatoka kwenye mishono. Nikainua mikono miwili nikingoja neno moja tu: ippon.

Mwalimu wetu tulimwita Metre, na siku ile yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Alisimama pale pale, mikono imelala mapajani, akanitazama.

"Metre, ni ippon," nikasema.

"Sijaona cha kuhesabu, mwanangu. Nimeona mtu ametupwa. Mwinue mwenzako."

Hakuweza kuinuka. Tulimbeba hadi kituo cha afya, na alirudi ghalani baada ya wiki mbili, shingo bado imekaza. Katika wiki hizo mbili nilielewa alama za judo kuliko nilivyozielewa mwaka mzima uliotangulia. Mengi niliyoyaelewa wakati ule ndiyo ninayoyafundisha hadi leo.

Lakini kwanza niseme hasira ile ilitoka wapi. Kila mtu Bunia wakati ule alijua jirani yake anatoka upande gani. Mapema Mei 2003, majeshi ya Uganda yalipomaliza kuondoka, wanamgambo waligombea mji mtaa kwa mtaa. Nilikuwa na miaka 11. Baba mdogo alitoka kutafuta maji na hakurudi. Sisi tuliobaki tulilala chini ya plastiki karibu na uwanja wa ndege, pamoja na maelfu ya watu waliokimbilia kando ya askari wa Umoja wa Mataifa, mpaka mwezi Juni kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa, operesheni iliyoitwa Artemis, kilipofika. Wengi wa waliobeba bunduki katika makundi yale walikuwa watoto wa rika langu. Tuliwaita kadogo. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kiongozi wa wanamgambo Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani huku Ituri, jimbo letu, katika miaka ya 2002 na 2003. Ilikuwa hukumu ya kwanza katika historia ya mahakama hiyo. Kwa hiyo, nikisema nilikuwa mtoto mwenye hasira, msomaji ajue nilikuwa mmoja wa wale waliobahatika kubaki na hasira tu.

Kijana niliyemwachia alitoka upande mwingine. Sitataja upande wake wala wangu, kwa sababu msomaji wa Ituri akisikia jina la kabila ataanza kuhesabu makaburi, na mimi nataka tuhesabu alama.

Jumatatu iliyofuata Metre aliokota kipande cha mkaa akachora ukutani watu wanne. Wa kwanza alikuwa ameinua mkono wima juu ya kichwa. Wa pili aliunyoosha pembeni, usawa wa bega. Wa tatu aliushusha pembeni, nusu ya njia kati ya bega na paja. Wa nne alikuwa amekunja kiwiko ubavuni, kiganja kimetazama mbele. "Hawa," alisema, "ni mwamuzi mmoja. Mkono wake ndio unaosema umefanya nini."

Mkono wima ni ippon. Mechi inaisha hapo hapo, hata kama zimepita sekunde tano tu. Mkono wa usawa wa bega ni waza-ari, maneno ya Kijapani yenye maana ya kwamba mbinu ipo, lakini kuna kilichopungua. Mkono ulioshuka ni yuko, mbinu iliyofaa kiasi. Kiwiko kilichokunjwa kilikuwa koka, alama ndogo kabisa, ambayo mtu aliipata kwa kumkalisha mwenzake kwa makalio au kumwangusha kwa paja. Hizo ndizo alama nne za wakati ule.

Kisha akatuuliza ni kitu gani kinachofanya mwanguko uwe ippon. Tukapiga kelele: nguvu! Kasi! Mgongo! Yote matatu yalikuwa kweli. Anayeangushwa anapaswa kutua kwa mgongo, kwa kasi, na kwa nguvu ya kutosha. Wakati ule, kikipungua kimoja, mkono wa mwamuzi uliteremka hadi waza-ari. Vikipungua viwili, uliteremka tena hadi yuko. Metre akangoja tunyamaze. Akasema kwamba kuna kitu cha nne tulichosahau, na hicho hakipunguzwi katika alama yoyote. Katika kanuni za judo za wakati ule, maelezo ya alama zote nne, kutoka ippon hadi koka, yalidai kwamba anayeangusha awe anamdhibiti mwenzake. Asiyemdhibiti hajaangusha mtu, hata kama mtu yuko chini.

"Wewe," akaniambia, "ulikuwa na nguvu. Ulikuwa na kasi. Halafu ukaachia mkono. Tangu pale ulipoachia, hukuwa tena katika judo."

Akaniita mbele, akanishika, akaniangusha polepole mbele ya wote, mara tatu, ili waone mkono wake wa kushoto. Kila nilipokaribia ardhi, mkono ule uliuvuta mkono wa kimono changu juu, kuelekea sikio lake. Nilihisi jinsi bega langu lilivyozuiwa lisitangulie, jinsi mgongo wangu ulivyolala wote kwa pamoja, jinsi kichwa changu kilivyobaki hewani. Ndipo nikaelewa. Kuvuta kule ndiko kunakomfanya anayeanguka atue kwa mgongo wote, jambo linaloleta ippon. Kuvuta kule kule ndiko kunakookoa shingo yake. Judo haina mkono mmoja wa kushinda na mwingine wa huruma. Ni mkono ule ule, katika sekunde ile ile, na mwamuzi anausoma kwa macho kabla ya kuinua wake.

Kano Jigoro, mwalimu aliyeanzisha judo mjini Tokyo mwaka 1882, alijenga mchezo wake juu ya nguzo mbili: kuitumia nguvu vizuri, na kustawi kwa pamoja wewe na mwenzako. Nguzo hiyo ya pili watu wengi huichukua kama maneno mazuri ya kuandikwa ukutani. Mimi niliiona ikiwa ndani ya mkono wa kimono cha mifuko ya unga.

Kijana yule aliporudi, nilimwomba radhi mbele ya wote, kama Metre alivyotaka. Alikubali kwa kichwa, bila neno. Kwa miezi kadhaa hakunichagua katika mazoezi wala mimi sikuthubutu kumchagua. Mwisho wa mwaka tukakutana tena, katika mashindano ya ghala letu wenyewe, wazazi wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa yaliyoazimwa. Dakika ya pili ikiwa haijaisha, alizunguka ndani ya mikono yangu, akaniweka mgongoni, akanipitisha juu ya bega lake. Nikiwa hewani niliwaza jambo moja tu: sasa ataniachia.

Hakuachia. Nilisikia kitambaa kikikazwa, mkono wangu ukivutwa juu, kisha mgongo wangu wote ukagonga maranda kwa mlio mmoja mpana, nami nikapiga bashi kwa kiganja kama tulivyofundishwa. Mkono wa Metre ulikuwa wima. Kijana yule bado alikuwa ameshika mkono wa kimono changu. Akainama akaniuliza, kwa Kiswahili chetu cha Bunia, "Uko muzima?"

Nilikuwa mzima. Nilishindwa kwa ippon, na ippon ile ile ndiyo iliyoilinda shingo yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kuiona alama ile kama fimbo ya kumpigia mtu. Ni tangazo la mwamuzi kwamba yaliyofanyika yanatosha, kila mtu aachie sasa.

Neno hilo, yanatosha, ndilo tulilolikosa mwaka 2003. Ugomvi wa ardhi na malisho una njia zake za zamani za kupatanishwa, na wazee wetu walizijua. Lakini bunduki zilipoingia, hakuna aliyejua ni kitu gani kikitokea mtu atasema: basi. Kijiji kikichomwa, hakikutosha. Kikichomwa cha upande wa pili, hakikutosha pia. Katika judo, kabla hamjagusana, wote wawili mnajua ugomvi utaishia wapi. Mnainama, mwamuzi anasema hajime, mnapambana kwa nguvu zenu zote. Akisema matte mnasimama. Akisema sore-made imekwisha. Na hata kabla ya mwamuzi, aliyekabwa koo au kukunjwa kiwiko ana haki ya kugonga mara mbili kwa kiganja. Akigonga tu, mshindi anapaswa kuachia papo hapo. Kugonga si aibu. Metre alitufundisha kugonga kabla ya kutufundisha kukaba.

Jambo la pili nililojifunza ukutani pale lilihusu hesabu. Huku Ituri tunajua dhahabu. Kule Mongbwalu, mchimbaji anaokota punje leo na punje kesho, mpaka mizani iseme gramu. Haba na haba hujaza kibaba. Nilidhani alama za judo ziko hivyo. Katika mashindano yangu ya kwanza nilimkalisha mpinzani kwa makalio mara tatu, nikapata koka tatu, nikaanza kukimbia pembezoni nikilinda utajiri wangu. Akanishika mara moja tu na kuniangusha kwa ubavu: yuko. Muda ukaisha, akatangazwa mshindi. Nililia nikidai kwamba tatu ni nyingi kuliko moja.

Katika judo, alama ya chini haijumlishwi ikafikia ya juu. Koka mia hazikufikia yuko moja, na yuko mia hazifikii waza-ari moja. Zinazojumlishwa ni waza-ari pekee: mbili zinafanya ippon, kwa sababu mtu aliyekaribia ukamilifu mara mbili ameshaonyesha kwamba anaweza. Nimeishi na hesabu hiyo katika mambo mengi. Nimeona watu wakigawa sabuni na chumvi kila msimu wa uchaguzi, wakidhani zawadi ndogo ndogo zitajumlishwa ziwe barabara. Hazijumlishwi. Nami nimejiona nyumbani kwangu nikileta vitu vidogo vidogo badala ya kufanya jambo moja kubwa nililodaiwa, yaani kukaa na mtoto wangu nikamsikiliza.

Alama hazipatikani kwa kuangusha peke yake. Ukimlaza mwenzako chali na kumbana asiweze kutoka, mwamuzi anasema osaekomi na saa inaanza. Nilipoanza, sekunde 10 zilileta koka, 15 yuko, 20 waza-ari, na 25 zilikuwa ippon. Hatukuwa na saa ya ukutani, tulihesabu kwa sauti, ghala zima. Niliwahi kubanwa na kijana mnene kuliko mimi huku nikiwasikia wenzangu wakihesabu kama wanaoimba, nikachomoa mguu walipotaja 24. Sekunde ile moja ilinipa mechi. Waliokaa benchi walisema nina bahati. Lakini aliyekuwa chini anajua kwamba kati ya sekunde ya kwanza na ya 24 kuna majaribio kumi yaliyoshindikana, na kila jaribio lilikuwa linamchosha anayebana. Watu wa Bunia wanaelewa jambo hilo bila kufundishwa.

Metre alipenda kutusimulia kisa cha Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, judo ilipoingia kwa mara ya kwanza kwenye michezo hiyo. Katika fainali ya uzito wowote, Anton Geesink wa Uholanzi alimbana Mjapani Akio Kaminaga mpaka muda ukatimia, mbele ya Wajapani wenyewe. Mashabiki wa Uholanzi wakataka kukimbilia kwenye tatami kushangilia. Geesink, akiwa hajamaliza hata kuinuka, aliinua kiganja kuwazuia. Mechi ilikuwa haijafungwa kwa salamu, na aliyeshindwa alikuwa bado anatengeneza kimono chake. Metre aliposimulia alikuwa ananitazama mimi, niliyewahi kuinua mikono miwili juu ya mtu asiyeweza kuinuka.

Si kila somo lilikuwa tamu. Mwaka 2011 nilisafiri kwa lori kwenda kushindana katika mji mmoja wa mashariki, ambao sitautaja. Mimi na mwenyeji wangu tulimaliza muda wa kawaida bila alama, tukamaliza na wa nyongeza. Siku hizo, mambo yakibaki sawa, mwamuzi na wasaidizi wake wawili waliinua bendera, nyeupe au buluu, kuchagua mshindi. Bendera mbili zikamwangukia mwenyeji. Ninaamini hadi leo kwamba nilishambulia zaidi. Niliinama, nikampa mkono, nikarudi Bunia siku tatu njiani nikiwa na donge kooni.

Mwaka uliofuata, kwenye Olimpiki ya London, dunia nzima iliona jambo kubwa kuliko langu. Katika robo fainali ya kilo 66, Cho Jun-ho wa Korea Kusini alipewa bendera zote tatu dhidi ya Ebinuma Masashi wa Japani. Ukumbi ukazomea, waamuzi wakaitwa kando, wakarudi, wakainua zote tatu kwa Ebinuma. Watu watatu walioona mechi moja walisema jambo moja, kisha dakika chache baadaye wakasema kinyume chake. Wote wawili, Ebinuma na Cho, waliishia na medali ya shaba.

Kilichonituliza ni kile kilichofuata. Kuanzia mwaka 2013 judo iliziondoa bendera. Mwamuzi akabaki mmoja kwenye tatami, akisaidiwa na wenzake mezani wanaotazama picha za video, na muda wa nyongeza ukaachwa bila kikomo mpaka mmoja apate alama au adhabu imwondoe. Waliokuwa na mamlaka ya kuchagua mshindi kwa kuinua mikono walikubali kunyang'anywa mamlaka hayo, kwa sababu walikuwa wameonekana wakikosea. Natamani kuona jambo la namna hiyo likifanyika mara nyingi zaidi nje ya tatami. Mtu aliyedhulumiwa hahitaji kuambiwa kwamba mwamuzi hakosei. Anahitaji kuona kosa likiifanya kanuni iwe bora kwa atakayemfuata.

Kuna adhabu moja ambayo wageni wa mchezo hawaielewi haraka. Unaweza kufukuzwa kwenye judo kwa kutofanya lolote. Anayekwepa kushikwa, anayejikunja na kuzuia tu, anayetoka nje ya mstari kukimbia shambulio, anapewa shido. Tangu mwaka 2017, shido ya tatu inamtoa mchezoni na mpinzani anapewa ushindi. Nikiwa kijana niliona ni ukali usio na maana. Sasa, nikiwa mtu mzima ambaye ameketi kwenye mikutano mingi ya amani, nadhani ni moja ya kanuni zenye hekima kuliko zote. Nimewaona wanaokuja mkutanoni, wanakula, wanasaini karatasi ya mahudhurio, na kazi yao ni kuzuia jambo lolote lisisonge. Hawakumpiga mtu, kwa hiyo wanajiona safi. Judo ingewapa shido ya kwanza kabla ya chai ya saa nne.

Mwezi Agosti 2016 tulikusanyika kuzunguka simu moja yenye kioo kilichopasuka, tukimtazama mtoto wa mashariki. Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Vita vilimtenga na familia yake akiwa mtoto mdogo, akatangatanga msituni siku nane kabla ya kuokolewa na kupelekwa Kinshasa, na huko ndiko alikojifunza judo, katika kituo cha watoto waliopoteza makazi. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwenye mashindano ya dunia pamoja na Yolande Mabika, naye mzaliwa wa Bukavu. Wote wawili wakabaki Brazili na kuomba hifadhi. Miaka mitatu baadaye walikuwa miongoni mwa wanamichezo 10 wa timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki.

Tarehe 10 Agosti, Mabika alishindwa mapema na Linda Bolder wa Israeli. Kisha Misenga akaingia, uzito wa kilo 90, dhidi ya Avtar Singh wa India. Alishinda kwa yuko. Wengine kwenye simu ile waliguna, wakisema ni alama ndogo. Mimi nilikuwa nalia. Mtu aliyepotea msituni siku nane alikuwa ameshika nguo ya mwenzake kwa kanuni zinazojulikana na wote, akamwangusha, na mwamuzi akanyoosha mkono kusema: nimeona, inahesabiwa. Kwa mtoto wa vita, kuonekana na kuhesabiwa na mtu asiyekuwa na upande si kitu kidogo. Baadaye alikutana na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2015. Alistahimili kwa dakika kadhaa kabla ya kushindwa kwa ippon, akainama, akatoka kichwa juu. Ukumbi ulimpigia makofi kama mshindi.

Miezi michache baadaye yuko ikafutwa. Koka ilikuwa imeshaondolewa mwaka 2009, na kuanzia 2017 zikabaki ippon na waza-ari. Muda wa kubana kwa ippon ulikuwa umeshashuka hadi sekunde 20 mwaka 2013, sasa wa waza-ari nao ukashuka hadi 10, na mechi za wanaume zikashuka kutoka dakika tano hadi nne kama za wanawake. Wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha, na nilikwenda ukutani nikafuta kwa kitambaa michoro ya yuko na koka, ingawa nilitamani kuiacha. Mwaka 2025 yuko ikarudi, na sasa hata sekunde 5 za kubana zinaileta. Nikachukua mkaa nikamchora upya yule mtu wa mkono ulioshuka.

Wanafunzi wangu huniuliza kama mchezo ambao kanuni zake zinabadilika hivyo unaweza kuaminiwa. Ninawajibu kwamba kanuni hubadilishwa na watu, nao watu hujifunza. Kinachonipa imani ni kwamba mabadiliko yanatangazwa kwa wote kabla ya hajime, yanamhusu Mjapani na Mkongo sawasawa, na hakuna anayebadilishiwa kanuni akiwa hewani. Tena, katika mabadiliko yote hayo ya miaka 20, sijaona alama hata moja iliyomruhusu anayeangusha kumtelekeza mwenzake katikati.

Kijana niliyemwachia mwaka 2005 sasa ni baba wa watoto watatu. Wawili kati yao wako kwenye darasa langu la Jumamosi, na yeye hukaa kwenye benchi akishika saa. Metre amekwisha kufariki. Ghala lile lilirudiwa na mwenyewe, nasi tulihamia kwenye banda jingine, lakini chini ya bashi bado kuna maranda.

Nimeandika haya wakati mgumu. Tangu Mei 2021 jimbo letu limewekwa chini ya utawala wa kijeshi, na bado watu wanakimbia kutoka Djugu wakibeba magodoro vichwani. Watoto wa kambi za wakimbizi huja kuchungulia mlangoni kwetu. Wengine wana hasira ile ninayoijua, naiona wanavyoshika kola kwa mara ya kwanza. Siwaambii waiache nje, maana mtoto hawezi kuacha nje kitu kilicho ndani yake. Ninawaonyesha mahali pa kuishikia.

Wazazi wa Bunia, wa pande zote, leteni watoto wenu. Kaeni kwenye benchi moja, mjifunze kuusoma mkono wa mwamuzi, mgombane naye kwa heshima akikosea. Hatudai kimono cha dukani. Jambo la kwanza mtoto atakalofundishwa ni kuanguka bila kuumia. La pili ni kutomwachia mkono anayemwangusha.